Lebo Katika Ukurasa wa Onyo

Jumatano, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, mwalimu mmoja aliyefuata gauni lake alisukuma mlango wa duka la fundi cherehani, akamkuta mwenyewe chini, ubavuni mwa meza ya kupigia pasi. Macho yalikuwa nusu wazi na jasho limemlowesha kama aliyemwagiwa ndoo. Gauni lilikuwa bado chini ya sindano. Mwalimu akapiga ukelele, na ukelele ule ukaita mtaa mzima.

Saa tatu kasorobo, Inspekta alipofika, fundi alikwisha kimbizwa hospitali kwa gari la muuza magodoro, na mtaa ulikwisha maliza upelelezi.

"Kanywa sumu," alisema mtu mwenye mswaki mdomoni. "Miaka sita ya ndoa, hana mtoto, mawifi wanamsema. Ungekuwa wewe?"

Inspekta akasonya. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho tu. Kituoni na mitaani aliitwa Inspekta Msonyo, naye hakuwahi kulikataa. Miaka ishirini na miwili ya polisi ilikuwa imempa mambo mawili: maumivu ya mgongo na dharau ya kutosha kuwagawia watu wote na bado ikabaki.

"Ondoa hawa," alimwambia Koplo, mtu mzima aliyebakiza miezi minane astaafu. "Kisha njoo uangalie meza."

Juu ya meza palikuwa na chupa ndogo ya kahawia, robo yake imebaki. Karatasi iliyobandikwa ilisema: *Tone la Heri. Kijiko kimoja mara tatu kwa siku.* Pembeni kulikuwa na kijiko cha chai, bado kina ute.

"Anayetaka kufa hapimi kwa kijiko," Inspekta alisema. "Huyu alikuwa akijitibu."

Simu ya fundi haikuwa na namba ya siri. Ilikuwa imeachwa kwenye ukurasa wa mitindo ya magauni, na katikati ya magauni limejitokeza tangazo: picha ya mama wa makamo mwenye kitambaa cheupe kichwani, chupa ileile ya kahawia, na maneno, *Bado unasubiri? Mkunga unayemwamini anajua unachohitaji.* Chini yake palikuwa na namba ya kuagizia. Koplo akaipiga. Imezimwa. Kabla ya saa nne alikwisha pata jibu la kampuni ya simu: laini imesajiliwa kwa jina la mtu aliyekufa miaka minne iliyopita.

"Sura hii naijua," alisema Koplo. "Ni Mkunga, yule mstaafu mwenye blogu. Mke wangu anamsoma kila siku."

"Basi mke wako ana akili kukuzidi. Twende."

Njiani daktari wa zamu akapiga simu. "Sukari yake imeporomoka, afande. Tunamwekea dripu, inapanda. Baada ya saa moja inaanguka tena. Mumewe anasema hajawahi kuugua kisukari. Kuna kitu ndani ya chupa hiyo. Maabara watanijibu kesho mchana, na mimi sina hakika kama huyu mama atafika kesho mchana. Nitafutie aliyeichanganya."

Saa nne na nusu mlango wa Mkunga ulifunguliwa na mzee mrefu aliyenyooka, shati limepigwa pasi mpaka mikono.

"Shikamoo. Wewe ni nani hapa?" aliuliza Inspekta.

"Marahaba. Mimi ni Mume wa Mkunga," alijibu, kwa namna ya mtu anayetema kokwa. "Ndivyo ninavyoitwa. Ingia, binti, nikuletee chai."

Sebuleni ukuta mzima ulikuwa vyeti vya Mkunga, na picha za watoto aliowazalisha, wengine sasa wana ndevu. Mlango ulipofungwa ndipo kilipoonekana cheti kimoja nyuma yake: cha mtoa dawa wa hospitali, miaka thelathini na moja ya utumishi. Kompyuta ilikuwa pembeni, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mkunga alilitazama tangazo kwenye simu ya marehemu mtarajiwa yule, uso ukambadilika rangi.

"Mimi? Niuze kitu cha chupa? Inspekta, nina ukurasa mzima wa kuwakataza!" Akafunua kompyuta, akafungua blogu yake. Ukurasa ulikuwa na kichwa kimoja tu: *Onyo*. Ndani yake alikuwa ameandika, kwa maneno ya mtu aliyechoka kuzika, kwamba hakuna dawa ya chupa inayoleta mimba, na kwamba anayeiuza ni mwizi. "Hili tangazo sijawahi kuliona maishani mwangu. Na ile picha wameitoa hapahapa."

"Hujawahi kuliona? Fundi wa watu limemfuata mpaka kwenye magauni."

"Naapa."

Inspekta akatoa simu yake mwenyewe, yenye bando lake, akasimama dirishani. Akaufungua ukurasa wa Onyo, akausoma mpaka mwisho, akaufunga. Kisha akafungua ukurasa wa matokeo ya mpira. Chini ya matokeo, chupa ya kahawia ikamtazama: *Bado unasubiri?*

Akarudi kwenye kompyuta ya Mkunga, akafanya vilevile. Mpira ukaja peke yake. Akarudia mara mbili. Hakuna chupa.

"Nani anagusa mashine hii?"

"Mimi. Na fundi wa tovuti akija. Yeye ndiye aliyenibandikia kile kitu, lebo, ili waliosoma blogu wakumbushwe darasa langu la wajawazito la Jumanne. Akaniachia na karatasi ya maelekezo, hatua saba, nenosiri juu yake. Sikusoma hata moja."

"Na wewe, mzee?"

Mume wa Mkunga alikuwa anaweka sinia. "Mimi mtu wa zamani. Ile mashine naipangusa vumbi tu." Akammiminia Inspekta, akamsogezea bakuli la sukari. Chai yake mwenyewe aliinywa bila sukari. "Mimi nilishakatazwa," alisema alipoona anatazamwa. "Miaka kumi sasa."

Ofisi ya fundi wa tovuti ilikuwa juu ya duka la viatu. Saa sita kamili walimkuta ameweka miguu mezani, na hakuitoa.

"Dada, haya ni mambo ya kitaalamu kidogo."

"Inspekta. Na mimi ni mjinga, kwa hiyo nieleze taratibu, kuanzia miguu."

Miguu ikashuka. "Lebo ni mstari wa maandishi unaofichwa kwenye ukurasa. Ukifungua ukurasa, kivinjari chako kinagongwa muhuri. Kuanzia hapo, mwenye lebo anaweza kukuwekea tangazo lake popote uendako: kwenye habari, kwenye mpira, popote. Hakujui jina. Anajua tu ulipita pale."

"Kwa hiyo mtu anakwenda kusoma jambo la aibu yake chumbani, na ninyi mnamfuata nalo mpaka barabarani."

"Ndiyo biashara, Inspekta. Na ametubonyezea 'Nakubali'."

"Amewabonyezea kwa sababu kitufe kilimziba macho." Akasonya. "Fungua blogu. Niambie muhuri gani unagongwa kwenye ukurasa wa Onyo."

Fundi akafungua kwa madaha. Baada ya dakika mbili madaha yakamwisha.

"Ziko mbili," alisema. "Hii ya kwanza ni yangu, iko tovuti nzima. Hii ya pili siijui. Iko kwenye ukurasa mmoja tu, wa Onyo. Imewekwa mwezi uliopita, Jumanne ya kwanza, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Kwa nenosiri la Mkunga mwenyewe."

"Ambalo wewe unalijua."

"Ninalijua! Lakini Jumanne hiyo nilikuwa nafundisha makarani wa halmashauri, ishirini na mmoja, toka saa tatu mpaka saa saba. Waulize!"

Koplo alitoka akauliza. Makarani wanne walimkumbuka, wote kwa ubaya: aliwaita vichwa vya mbao. Mkunga naye, daftari la kliniki lilionyesha, alisaini kuingia darasani saa tatu na nusu Jumanne ile na kutoka saa sita.

"Swali moja la mwisho," Inspekta alimwambia fundi. "Kwenye simu yangu tangazo linakuja. Kwenye kompyuta ya Mkunga haliji hata kwa dawa. Kwa nini?"

Fundi alikuna kidevu. "Mwenye lebo anaweza kuamuru tangazo lisitokee kwenye intaneti ya nyumba fulani. Hatua ya saba, niliiandika mwenyewe kwenye ile karatasi, ili Mkunga asisumbuliwe na matangazo yake. Lakini mtu baki angehangaika na hilo kwa nini?"

"Hasa," alisema Inspekta.

Kwenye ngazi Koplo akasafisha koo. "Afande, wahenga walisema kikulacho—"

"Wahenga hawakukamata mtu. Nina saa, nina nyumba, na sina ushahidi wa mkono wa nani."

Simu ikalia. Daktari tena, saa nane kasoro dakika tano, sauti imemchoka. "Imeanguka mara ya nne. Nashuku vidonge vya kisukari, lakini viko vya aina nyingi, na sijui ni vipi wala kiasi gani. Nikikosea ninamuua mimi."

Inspekta alibaki ameshika simu sikioni hata baada ya kukatwa. Kile kikombe cha mzee, chai isiyo na sukari, kilikuwa mbele ya macho yake.

Saa tisa kasorobo alirudi kwa Mkunga, akakaa bila kukaribishwa, akavua kofia kama mtu aliyemaliza kazi.

"Nimekuja kuaga tu, mama. Tumemweka ndani fundi wa tovuti."

"Fundi? Yule mtoto wa watu?" Mkunga alishika kifua.

"Yule yule. Na niseme kweli, kichwa! Sijawahi kuona kazi ya akili kama ile. Mtu kuketi akabuni jambo kama lile si mchezo. Angekuwa hospitali angekuwa daktari bingwa."

Mume wa Mkunga alikuwa amesimama karibu na mlango, kikombe mkononi. Alicheka kwa puani.

"Akili gani?"

"Ah, mzee, wewe mtu wa zamani, huwezi kuelewa."

"Nisielewe nini, binti? Yule kijana hajui mgonjwa ni nini. Lebo yake kaibandika tovuti nzima, inawaandama mpaka wanaotafuta majina ya watoto. Kuchagua ukurasa mmoja tu, ule wa Onyo, hilo linataka mtu anayewajua watu. Anayesoma onyo la dawa ndiye anayeitafuta dawa. Wengine wote ni wapita njia."

Koplo, aliyekuwa anaandika, alisimamisha kalamu.

"Ni kweli kabisa," alisema Inspekta polepole. "Ila mimi sijasema ni ukurasa mmoja. Nani kakwambia?"

"Mke wangu."

"Mama?"

Mkunga alikuwa anamtazama mumewe. "Mimi ndiyo nasikia sasa hivi."

"Jumanne, saa nne na dakika kumi na mbili," Inspekta aliendelea, na sauti yake ilikuwa imepoa. "Mama yuko kliniki. Fundi yuko mbele ya makarani. Humu ndani kuna mtu mmoja na karatasi ya hatua saba. Akazifuata zote, hata ya saba, ili mkewe asije akakutana na uso wake mwenyewe unauza chupa. Mzee wa kupangusa vumbi! Ndani ya chupa mna vidonge vya kisukari. Vipi, na vingapi?"

Mzee aliweka kikombe chini kwa uangalifu. "Nitazungumza mbele ya wakili."

"Haki yako." Inspekta akabonyeza simu, akaiweka mezani, sauti ya nje. "Daktari, unasikia? Niko na aliyechanganya. Anasubiri wakili. Mgonjwa wako atasubiri?"

"Hawezi," ilisema simu.

"Lazima alizidisha kipimo," mzee alisema. "Hawafuati maelekezo. Miaka thelathini na moja nimewaambia kutoka dirishani, baada ya kula, baada ya kula, wanaitikia kama kasuku."

Mkunga alikwisha inuka. Alitoka kwa mlango wa nyuma, wakasikia stoo ikifunguliwa. Akarudi amebeba katoni la makopo ya dawa, vumbi limemjaa kifuani. Ubavuni palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu: *Yateketezwe*.

"Uliniambia ni magazeti," alisema. Akatoa kopo, akaliweka karibu na simu, akamsomea daktari jina la dawa herufi kwa herufi, uzito wa kidonge, na mwaka ilipokwisha muda wake. "Vingapi kwa chupa?" alimuuliza mumewe bila kugeuka.

Mzee alitazama ukuta.

"Umewajibu wagonjwa miaka thelathini na moja. Jibu."

"Kumi na viwili. Vimesagwa kwenye asali na maji."

"Na kingine?" iliuliza simu.

"Hakuna kingine."

"Inatosha. Sasa najua cha kufanya," alisema daktari, akakata.

Mume wa Mkunga akajinyoosha. Mtu angedhani anasubiri kupongezwa. "Na msinifanye muuaji. Vidonge vile huwasaidia wanawake wa namna hiyo kushika mimba. Madaktari wenyewe huwaandikia. Mimi nilijua ninachofanya. Mimi si wa kuambiwa mume wa nani. Watu wangapi wanakuita mama, eti maneno yako ni dhahabu? Nilitaka kuyapima. Uliwakusanya wewe, ukawaonya wewe, na kwa picha moja tu nikawachota mimi. Ndiyo thamani ya maneno yako."

Mkunga hakupandisha sauti. Alichukua kopo, akamwekea mkononi.

"Soma."

"Nimeshasoma."

"Soma tena. Dawa unayoisema wewe ina jina linalokaribiana na hili. Hii ni nyingine. Hii hupewa mgonjwa wa kisukari peke yake, na mtu asiye na kisukari ikimwingia humwangusha kama ilivyomwangusha fundi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuzichanganya."

Mzee alilisogeza kopo mbali na macho, akalirudisha karibu, akalisogeza tena. Midomo yake ilikuwa inatamka silabi moja moja. Alipofika mwisho wa neno alilianza upya.

"Mwanga humu ni hafifu," alisema.

"Wakakupa cheti," alisema Mkunga, "na mimi nikakitundika." Kisha akaketi mbali naye, akampa mgongo.

Inspekta hakuona haja ya kuongeza dharau. Mwenye haki nayo alikwisha itumia yote. "Walionunua ni kina nani?"

"Sijui. Walipiga, nikapeleka vifurushi ofisi ya mizigo. Sikuandika majina."

"Chupa ngapi?"

"Thelathini. Labda thelathini na mbili."

Koplo, pingu mkononi, aligeuka. "Afande, wako wapi hao? Orodha ya waliopiga kampuni ya simu haitoi bila amri ya mahakama, na hiyo ni siku kadhaa. Tutawapataje watu wasio na majina?"

Inspekta alifikiri, na jibu alilolipata likamchukiza. Akampigia fundi wa tovuti, ambaye hakuwahi kuwekwa ndani.

Saa kumi na dakika ishirini fundi alikuwa mbele ya kompyuta ya Mkunga, safari hii ameketi wima. Mzee alitaja nenosiri lake kwa kunong'ona: lilikuwa jina lake kamili. Ndani ya akaunti mlikuwa na idadi tu, watu elfu moja na zaidi waliogongwa muhuri, bila sura. Fundi akaifuta picha ya chupa yenye *Bado unasubiri?* Mahali pake Mkunga akaandika mwenyewe: *Kama unayo Tone la Heri, usinywe. Ni sumu. Ipeleke hospitali yoyote au kituo cha polisi leo. Hutaulizwa jina.*

"Liwafuate vilevile?" fundi aliuliza.

"Kila waendako," alisema Inspekta. "Na uifute ile hatua ya saba. Lionekane humu pia."

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi sukari ya fundi cherehani ilikuwa imetulia kwa saa tisa mfululizo. Alifumbua macho, na alipomwona Inspekta akaficha uso kwa shuka. "Nililiona siku kumi na tisa," alisema. "Nikifungua mitindo lipo, nikifungua habari lipo. Onyo nilikuwa nimelisoma. Lakini kitu kikikufuata hivyo unaanza kudhani ni ishara." Inspekta aliandika, akamwachia shuka yake.

Siku ile ile chupa saba zilifika kituoni. Ijumaa kumi na moja. Wanawake waliingia wamevaa miwani ya jua, wamejifunga mitandio, wengine wanasindikizwa na mashoga walioshikilia kwamba wanamletea jirani. Waliweka chupa kaunta bila kutazama mtu. Wawili walilazwa, wakapona. Kufikia Jumamosi jioni zilikuwa ishirini na tisa, na Koplo akaanza kuamini mzee hakusema uongo kwenye hesabu.

Ya thelathini ililetwa Jumatatu saa nne, na mama aliyevaa sare ya benki. Haikuwa imefunguliwa. Yeye hakuficha uso.

"Hilo tangazo lenu limenifuata mpaka nimechoka," alisema. "Jana limetokea kazini, kwenye skrini, meneja amesimama nyuma yangu. Na Tone la Heri sasa kila mtu anajua ni ya nini; leo ofisi nzima inajua natafuta mtoto."

"Pole. Tulikuwa hatuna njia nyingine ya haraka ya kukupata."

"Lakini mlinipata." Alimtazama Inspekta toka kofia mpaka viatu, taratibu, kama mtu anayeangalia kitu alichokikanyaga. "Ninyi ni polisi. Mlijuaje nimesoma ukurasa ule?"

Majibu yote yaliyomjia Inspekta yalikuwa yale ya fundi wa tovuti: ndiyo biashara, na alibonyeza 'Nakubali'. Mama yule hakungoja. Alisaini kwa herufi moja, akatoka, visigino vikigonga sakafu mpaka nje.

Inspekta akainua simu ya kaunta.

"Fundi? Lebo zote mbili," alisema. "Ya mzee na ya kwako. Zitoe. Sijali darasa la Jumanne, Mkunga ameshakubali. Zitoe sasa hivi, na usikate simu mpaka uniambie hazipo."

Akasubiri hapo hapo, chupa ya thelathini mbele yake, akisikiliza mtu wa upande wa pili akibonyeza vitufe.